Sikio Lililosikia Dawa

Mtaa mzima ulimwita Fundi Kilemba. Alikuwa fundi cherehani, na hakuna aliyewahi kumwona bila kilemba. Jua kilemba, mvua kilemba. Wateja walidhani anatangaza biashara.

Sababu waliijua watu wa nyumbani tu: yeye, mumewe na binti yao. Kwenye ndewe ya sikio lake la kushoto palikuwa na uvimbe mgumu, mkubwa kama kifungo cha koti. Miaka sita nyuma alitoboa tundu la pili la hereni. Kidonda kilipona, lakini kovu halikujua kusimama. Likakua, likakua. Lilimwasha, na siku nyingine lilimchoma.

Dukani kulikuwa na kioo kirefu. Fundi alipompima mteja, alisimama upande mmoja tu, ili sikio lile lisionekane kiooni. Kazi yake ilikuwa kuwapendezesha watu mbele ya kioo, na yeye mwenyewe alikikwepa. Hilo lilimuuma kuliko kuwashwa.

Jumamosi moja alichoka. Akachukua uzi wa nailoni, ule mgumu wa kushonea mabegi. Akaufunga kwenye shina la uvimbe, akakaza, ncha moja mkononi, nyingine menoni.

Mumewe, seremala, akamshangaa. "Mke wangu, hilo ni sikio, si suruali."

"Wewe shughulika na misumari yako. Uzi ukikazwa vizuri, hiki kitadondoka chenyewe."

"Haya. Sikio la kufa halisikii dawa."

Siku ya nne uvimbe haukudondoka. Ulivimba zaidi, ukatoa usaha. Fundi alitetemeka kwa homa, lakini akafungua duka, kwa sababu muuguzi mmoja wa mtaani alikuwa anakuja kujaribu sare yake.

Muuguzi alivaa sare, akageuka mbele ya kioo. Kisha akanusa.

"Fundi, samahani. Kuna harufu ya kidonda hapa. Hebu nione."

Fundi akafungua kilemba polepole. Machozi yalimtangulia.

"Nani amekufunga uzi huu?"

"Fundi."

"Fundi gani?"

"Mimi."

Muuguzi hakucheka, na kwa hilo pekee anastahili sifa. Alivua sare yenye pini, akavaa gauni lake, akamshika mkono. "Twende hospitali sasa hivi. Sare itasubiri. Ukichelewa, unaweza kupoteza ndewe yote."

Hospitali walikata uzi, wakasafisha kidonda, wakampa dawa. Muuguzi alifanya kazi kitengo cha upasuaji wa kurekebisha maumbo na ngozi. Alimwambia, "Kidonda kikipona, urudi umwone daktari wetu. Njoo na maswali yako yote. Yaandike, usije ukayasahau."

Fundi alifungua daftari lake la vipimo. Pale anapoandika jina la mteja, aliandika: Mimi. Pale pa kifua, kiuno na urefu, akaandika maswali.

Daktari alikuwa mama mfupi, miwani ikining'inia shingoni. Kabla ya kusema lolote alivaa miwani, akatoa rula ndogo, akaupima uvimbe, akaandika. Fundi akampenda papo hapo. Mtu anayepima kabla ya kukata ni mtu wa kuaminiwa.

"Kovu la aina hii tunaliita keloidi," daktari alisema. "Si saratani, na haliambukizi. Ngozi za watu wengine hujenga kovu kupita kiasi. Mara nyingi hali hiyo iko kwenye ukoo."

"Mama yangu analo begani," Fundi akakumbuka. Akafungua daftari. "Swali la kwanza. Si unafumua tu, halafu unashona upya?"

Daktari akatabasamu. "Nguo ukiifumua haina kinyongo. Ngozi yako inacho. Nikikata tu na kukuacha, kovu linaweza kurudi, tena kubwa kuliko hili."

"Sasa tufanyeje?"

"Makovu madogo hupungua kwa sindano za dawa peke yake. Lako ni kubwa. Ushauri wangu, tulikate, kisha nikuchome dawa mahali hapo kila mwezi, kwa miezi kadhaa. Na uvae hereni maalumu ya kubana ndewe. Haihitaji tundu. Usitoboe tena popote."

"Itauma?"

"Nitaanza na sindano ya ganzi. Hiyo utaisikia. Baada ya hapo utasikia kuguswa tu."

"Sindano nazijua sana, daktari. Lakini zikiwa mkononi mwangu."

Walicheka wote. Kisha Fundi akasoma swali alilolipigia mstari. "Sikio litakuwa kama la zamani?"

"Hapana," daktari alijibu bila kuzunguka. "Alama itabaki. Nitajitahidi iwe nyembamba. Kidonda kinaweza kutoa damu au kuingia wadudu, ndiyo maana utakisafisha kama tutakavyokuonyesha. Na hata tukifanya yote sawasawa, kovu linaweza kurudi. Mtu akikuahidi kwamba halirudi kabisa, mkimbie."

Seremala, aliyekuwa amemsindikiza mkewe, akadakia, "Basi faida iko wapi?"

"Kuwashwa kunaweza kupungua. Uvimbe mkubwa utaondoka. Ukija kila tarehe, kovu likianza kurudi tutalikuta likiwa dogo. Nyuzi tutazitoa baada ya wiki moja au mbili, lakini matokeo msiyahukumu kabla ya mwaka."

Likabaki swali moja. Fundi alilisoma kwa sauti ndogo. "Watu wanaugua magonjwa makubwa. Mimi nahangaika na urembo. Si aibu?"

Daktari akavua miwani. "Fundi, nguo ingekuwa ya kusitiri tu, ungeshona magunia. Mbona unahangaika na kola na pindo? Kutaka kujitazama kwenye kioo si aibu. Ila ufanye kwa ajili yako, si kwa midomo ya watu."

Fundi alifunga daftari. Miaka sita hakuna aliyemwambia maneno hayo.

Upasuaji haukufika saa moja. Alirudi nyumbani siku hiyohiyo. Kazi ngumu ilikuja baadaye. Mwezi wa tano tangu upasuaji alitaka kuacha sindano. "Nimepona, sioni kitu." Seremala, yule mcheshi, aliandika tarehe zote kwa penseli kwenye ubao wa karakana, na kila tarehe ikifika alifunga karakana, akamsindikiza. Kovu lilijaribu kuinuka mara moja, likakutana na sindano, likatulia. Binti yao alipotaka kutoboa masikio, Fundi alimwonyesha lake, wakanunua hereni za kubana, zisizohitaji tundu.

Mwaka na nusu ulipita. Muuguzi, aliyekuwa amehamishiwa mji mwingine, alirudi kushonewa sare mpya. Alimkuta mwanamke mwenye nywele zilizosukwa vizuri, amesimama mbele ya kioo kabisa, akimpima bibi mmoja upande wa kulia, kisha upande wa kushoto.

"Habari za kazi, dada. Namtafuta Fundi Kilemba."

Mwanamke akageuka. Kwenye ndewe ya kushoto palikuwa na mstari mwembamba, umepauka kidogo. Muuguzi alipouona, akashika mdomo.

Seremala alikuwa mlangoni, anacheka. "Si nilisema sikio la kufa halisikii dawa?"

"Halikuwa la kufa," Fundi akajibu, utepe wa kupimia ukiwa shingoni. "Lilikuwa linasubiri wa kuliambia ukweli."