Mkanda wa Kiti Kitupu

Gari halikuwa na mtu nyuma, nalo lilishikilia kwamba yumo. Ilianza hivyo, mchana kweupe, mtaani Kyebando, kwenye gereji ya Wandera, yule Msamia wa ng'ambo ya Busia anayetibu magari kwa kompyuta na hapendi kuchafua mikono. Akiwasha tu, taa nyekundu inawaka kwenye dashibodi: abiria wa nyuma kushoto hajafunga mkanda. Kisha kengele, ti, ti, ti, mpaka fizi zinawasha.

"Hajati, umeweka mzigo huku?"

"Mzigo gani, ssebo, bwana wangu? Hata mkoba sijaweka." Huyo ndiye Hajati Habibah, Mnubi wa Makindye, mwanamke ambaye akikohoa mtaa mzima unajua amekula nini. "Jumamosi Sumayiya wangu anaolewa, na kiti hicho ndicho atakachokalia. Tulilipeleka gari ziwani Port Bell likaoshwa ling'ae, na tangu siku hiyo halinyamazi. Nataka mwanangu afike kwa mumewe salama, fundi. Nina huyo mmoja tu."

Wandera akachomeka kompyuta yake. Ikasema sensa, kile kihisio cha uzito wa kitini, ni nzima, waya nzima, kitini kuna mtu. Akabadilisha sensa. Kuna mtu. Akafuta programu yote, akaiweka upya, akangoja huku anatafuna kucha. Kuna mtu. Akafungua nati ili akitoe kiti chenyewe, nacho kikamlemea kama kimekaliwa, akakiachia kwa matusi ya Kisamia, ya Kiganda, na ya Kiingereza kile cha redioni.

Nerima mkewe alikuwa amemletea chai. Akasimama na kikombe, pua juu.

"Baba Nafuna, gari hili linanuka tope la ziwa. Na kile kiti kimebonyea."

"Sponji imechoka."

"Sponji haipumui."

Wandera akaangalia. Pale palipobonyea, ngozi ya kiti ilikuwa ikipanda na kushuka, taratibu, kama kifua cha mtu aliyelala. Akageuza uso haraka. Wanaume ndivyo walivyo: wakiona wasichokielewa hukasirika kwanza, woga unakuja baadaye kama deni.

Akafanya wanachofanya mafundi wote pale onyo likiwashinda. Akavuta mkanda, akaupitisha juu ya kiti kitupu, akaubana. Klik. Kengele kimya, taa ikazimika.

"Unaona? Kumbe dawa yake ndogo!"

Nerima hakucheka. Alirudi ndani na chai yake.

Alasiri hiyo Wandera akalirudisha gari Makindye, akipiga mluzi, na mluzi wenyewe ukamkauka mdomoni pale foleni iliposimama, maana nyuma yake alisikia mkanda ukikazwa, krr, krr, kama kamba inayovutwa na mnyama, halafu pumzi baridi yenye harufu ya kambare ikampiga kisogoni, na kila gari liliposimama kishikio cha mlango wa nyuma kilivutwa kwa ndani, kwanza polepole, kama mtu mwenye adabu anayetaka kushuka, halafu kwa nguvu, halafu kwa ghadhabu, mpaka wauza ndizi wa kando ya barabara wakawa wanamuuliza dirishani amemteka nani. Alipofika kwa Hajati alikuwa amelowa jasho. Alibonyeza kitufe cha mkanda, kikakataa. Akachukua kisu. Kisu kiliteleza.

Hajati akamwita mjomba wake, Shehe Abdul-Latif. Mzee akaweka kiganja kwenye kioo cha nyuma, akakiondoa upesi kama aliyegusa sufuria.

"Nani kamfunga huyu?" akanong'ona.

"Mimi. Lakini, Shehe, mimi nilifunga kiti!"

"Alipanda huko Port Bell mlipoacha milango wazi. Ile kengele ilikuwa ni yeye anaomba kushuka, nawe ukamfunga kama mbuzi wa Idi. Mrudishe ziwani mwenyewe. Mkono uliofunga ndio utakaofungua. Na akikuuliza neno, usijibu. Hata salamu usiitikie."

Jua lilikuwa linazama Port Bell. Wandera alikuwa na njaa, hasira, na kazi za watu zimelala gereji. Akainamia kiti cha nyuma, akabonyeza kitufe. Kikagoma.

Gari lile lilitoka kiwandani na sauti ya mwanamke, ya Kijapani, ambayo hakuna aliyewahi kuielewa. Sasa sauti ileile ikatoka kwenye spika, kwa Kiswahili kilichonyooka kuliko chake.

"Fundi. Nikishuka, atakaa nani?"

Wandera akauma ulimi, akabonyeza.

"Atakaa nani, fundi?"

Akabonyeza kwa gumba, kwa magumba mawili, kwa bisibisi, na sauti ikauliza tena na tena, bila kupanda wala kushuka, ti, ti, ti, kama onyo lile lile lililokuwa likimtafuna ubongo tangu mwanzo, mpaka uvumilivu ukamwishia.

"Bibi harusi! Sumayiya! Haya, toka, umeniharibia kazi!"

Klik. Mkanda ukalegea. Mlango ukafunguka, ukafungwa kwa upole. Wandera akachomeka kompyuta: kiti kitupu. Machozi ya furaha yakamtoka. Kwamba alijibu, hakumwambia mtu.

Jumamosi Hajati akataka Wandera mwenyewe aendeshe. Sumayiya akatoka na shela, mikono imekolea hina, vigelegele vinapasua anga, akaketi nyuma kushoto. Shangazi yake akamfunga mkanda, akauvuta kuhakikisha, akafunga mlango.

Wandera akawasha gari. Taa nyekundu. Abiria wa nyuma kushoto hajafunga mkanda. Ti, ti, ti.

"Fundi, banange, tena?" Hajati akacheka huko nje.

Wandera akatazama kwenye kioo. Mkanda ulikuwa umembana bibi harusi kifuani, sawasawa. Harufu ya udi ilikuwa inazama chini ya harufu ya tope.

"Fundi," midomo ya Sumayiya ikasema nyuma ya shela, kwa sauti ile ya spika, "huyu mmemfunga. Mbona mimi hunifungi?"