Waliopo Saa Kumi na Dakika Kumi

Waliokuwepo chumbani siku redio ilipowashwa kwa mara ya kwanza walikuwa hawa: mwenye nyumba, mstaafu wa simu za upepo, ambaye mtaa mzima ulimwita Bwana Nukta kwa sababu kwa miaka thelathini na mmoja alikula kwa kugonga nukta na vistari, mkewe, aliyekaa kwenye ukingo wa kitanda akikunja nguo, binti yao wa pekee, mshonaji, mwenye mimba ya miezi saba, aliyekuja kujifungulia kwao, mume wa binti huyo, aliyekuwa fundi bomba, kinyozi aliyepanga chumba cha mbele, ambaye hakualikwa lakini alikuja, na paka wa binti, aitwaye Karani kwa tabia yake ya kulalia karatasi za watu. Ilikuwa Jumamosi, saa kumi kasoro dakika tano za jioni.

Redio hiyo ilikuwa ya kupokelea tu. Bwana Nukta aliiunda mwenyewe kwa miezi minane, kwa vali za zamani, zile taa za kioo za redio, na koili za waya alizozisokota kwa mkono. Antena ilikuwa waya wa shaba wa mita ishirini, kutoka pembe ya paa hadi kwenye mlingoti nyuma ya bafu, ukishikiliwa kila upande na kikombe cha kauri. Waya wa pili ulishuka dirishani na kufungwa kwenye bomba la shaba lililopigiliwa ardhini uani. Huo ndio waya wa ardhi, na Bwana Nukta alikuwa akisema kwamba redio isiyo na ardhi ni kama mtu anayesikiliza amesimama kwa mguu mmoja.

Bomba lilipigiliwa na mkwe. Walichagua kando ya bamba la zege, mahali pekee uani ambapo udongo haukukauka hata miezi ya jua kali. Kazi ilikwisha upesi kuliko walivyotazamia.

"Baba," mkwe alisema akifuta mikono, "bomba hili limenishangaza. Nimeligonga kwa nyundo hadi nusu. Nusu iliyobaki limeingia lenyewe."

"Udongo ni laini."

"Udongo laini naujua, baba, ndiyo kazi yangu. Huu ulikuwa unavuta."

Bwana Nukta hakupenda maneno yasiyopimika. Alikoroga chumvi kwenye ndoo ya maji na kuimwaga pale bomba lilipozama, kama wafanyavyo watu wa redio ili ardhi ipitishe umeme vizuri, akaingia ndani.

Vali ziliwaka polepole, nyekundu kama makaa. Spika ilitoa mkwaruzo, kisha muziki wa mbali, kisha mtu akisoma habari kwa lugha ambayo hakuna aliyeijua. Mke wa Bwana Nukta aliacha kukunja nguo.

"Imekubali," alisema.

"Mzee, itafute ile inayotangaza mpira," kinyozi alisema. "Hawa wanaogombana kwa Kichina watanisaidia nini?"

"Wewe hukuitwa," Bwana Nukta alijibu, na kila mtu akacheka, kinyozi akicheka kuliko wote.

Saa kumi na dakika kumi Bwana Nukta alifika mahali penye ukimya kwenye kipimo. Wanaosikiliza mawimbi mafupi wanaujua ukimya huo wa jioni, kabla jua halijazama na stesheni za mbali hazijaanza kufika. Hapo palitakiwa pasiwe na kitu. Palikuwa na sauti. Haikuwa ya mwanamume wala ya mwanamke, ilikuja taratibu kama ya mtu anayesema huku mdomo una maji, na ilisema maneno mawili tu.

"Nani yupo?"

Huko kazini kwa Bwana Nukta kulikuwa na desturi. Kila zamu ilipoanza, makao makuu yaliuliza hivyo hivyo, na mwendeshaji aliyekuwa mezani alitaja waliokuwepo kituoni, mmoja mmoja. Asiyejibu aliandikiwa kosa. Miaka thelathini na mmoja si siku tatu. Mdomo ulitangulia kabla ya akili. Bwana Nukta alinyoosha mgongo na kusema kwa sauti ya kazi: "Yupo mwendeshaji. Yupo mke wa mwendeshaji. Yupo binti. Yupo mkwe. Yupo kinyozi. Yupo paka."

"Sasa unamjibu nani?" mkewe aliuliza. "Si umesema kitu chenyewe hakisemi, kinasikia tu?"

"Hakisemi. Kingekuwa kinasema, ningehitaji leseni."

"Mimi nimefurahi kutajwa kabla ya paka," alisema kinyozi.

Katika daftari lake Bwana Nukta aliandika saa, mahali kwenye kipimo, na nguvu ya sauti kwa kiwango cha moja hadi tano. Aliandika: moja.

Jumapili, saa ile ile, mahali pale pale, sauti ilirudi. Safari hii haikuuliza. Ilisema: "Nimepokea. Yupo mwendeshaji. Yupo mke wa mwendeshaji. Yupo binti. Yupo mkwe. Yupo kinyozi. Yupo paka."

Binti alikuwa mlangoni na kikombe cha chai cha baba yake. Alikiweka chini bila kukitazama.

"Baba, huyo ametusikia vipi?"

"Kuna mtu anatufanyia mzaha," alisema Bwana Nukta, lakini alikuwa ameshaanza kufikiri kama fundi. Alichomoa waya wa antena. Muziki, mikwaruzo na wasoma habari vyote vilikufa mara moja, kama inavyotakiwa. Sauti ikabaki. Ilibaki safi zaidi, ikirudia orodha tangu mwanzo. Alipogusa kwa kidole waya wa pili, ule uliotoka ardhini, aliusikia ukiwa wa baridi, na chumba kikanuka tope la kisima.

Mtu mwingine angeling'oa bomba siku hiyo. Bwana Nukta alikuwa na daftari. Katika maisha yake hakuwahi kuacha stesheni asiyoijua bila kuipa jina, na kila siku, saa kumi kasorobo, alimwaga ndoo yake ya maji ya chumvi ili usikivu uongezeke. Uliongezeka. Siku ya tano aliandika mbili. Siku ya tisa, tatu. Siku ya kumi na tatu aliandika nne, na chini yake, kwa herufi ndogo: "Inasikika pia nikiwa nimepunguza sauti hadi mwisho."

Alhamisi ya siku ya kumi na tatu ndiyo siku ambayo orodha ilipungua. Ilitaja mwendeshaji, ikataja mke, binti, mkwe na kinyozi, ikanyamaza. Bwana Nukta alisubiri kalamu ikiwa mkononi. Asubuhi iliyofuata binti alimkuta Karani kando ya bomba, amekufa, ameloa hadi mifupani, maji yakimtoka puani, na mvua haikuwa imenyesha kwa wiki tatu.

"Kaangukia ndani ya ndoo," mkwe alimwambia mkewe ili kumtuliza.

"Ndoo ipo jikoni," binti alijibu. "Tena imefunikwa."

Bwana Nukta alizima redio. Akachomoa nyaya zote mbili, akatoa vali moja moja na kuzipanga ndani ya sanduku lenye pamba, akatundika visikizio vya masikioni vya redio hiyo kwenye msumari ukutani, ncha ya waya wake ikining'inia hewani bila kugusa chochote. Hakumwaga tena maji. Ijumaa ikapita kimya, Jumamosi ikapita, na Jumapili alasiri, wakati jua lilikuwa bado linaangaza sakafuni na kinyozi anasikika chumba cha mbele akimtania mteja juu ya upara wake, mke wa Bwana Nukta aliingia kuchukua shuka, akasikia kitu kinaongea ukutani, kidogo kidogo kama nzi ndani ya chupa, akasogeza uso hadi karibu na visikizio vile visivyounganishwa na kitu, na harufu ya tope ikampanda puani huku sauti ikitaja mwendeshaji, ikamtaja yeye mwenyewe, ikaruka, ikataja mkwe, ikataja kinyozi, ikanyamaza.

Alimfuata mumewe uani akitembea polepole, kama mtu aliyebeba chombo kilichojaa.

"Mzee," alinong'ona, "haikumtaja mtoto."

Bwana Nukta alimshika mkono. Walikuwa na mtoto mmoja tu.

Usiku huo binti alisema mtoto tumboni hachezi. Asubuhi mkunga wa zahanati aliweka pembe yake ya kusikilizia kwenye tumbo, akaihamisha, akaihamisha tena, akasema moyo wa mtoto upo ila unasikika kwa mbali sana, arudi kesho. Binti alirudi nyumbani ameshika tumbo kwa mikono yote miwili. Nywele zake zilikuwa zimelowa shingoni, na hakuwa ameoga.

Ndipo kinyozi, ambaye siku hiyo hakuwa na mzaha, alipokwenda sokoni na kurudi na mwanamke muuza vyungu. Watu walimfuata kwa mambo ya majini. Alikuwa mfupi, mwenye haraka, na alianza kwa kukataa kiti. Alitembea uani, akasimama penye bamba la zege, akapiga kisigino.

"Hapa chini kuna kisima."

"Nyumba hii tumeikuta na bamba hilo," alisema mke wa Bwana Nukta. "Hatukuambiwa."

"Mwenye kufunika alijua anafunika nini. Huyu aliyemo kisimani alikuwa amelala." Aliinama, akachota udongo penye bomba kwa ncha ya kidole, akaonja, akatema. "Chumvi. Nani anamwaga chumvi hapa?"

"Mimi," alisema Bwana Nukta. "Ndoo moja kila siku. Inasaidia usikivu."

Mwanamke alijifuta kidole kwenye kanga.

"Baba yangu, wewe umesoma, mimi sikusoma, lakini nikuulize. Ukimpa mwenye kiu maji ya chumvi, kiu inapungua?"

Bwana Nukta aligeuka kutazama pale bomba lilipozama.

"Umemwamsha kwa bomba, ukamwongezea kiu siku hadi siku, kisha ukamtajia waliopo. Sasa anakunywa aliowajua." Aliagiza ndoo saba za maji baridi yasiyo na kitu. Yakishamwagwa, alisema, bomba ling'olewe na tundu lizibwe kwa zege kabla jua halijazama. "Hilo nitalisimamia mimi, na atalala. Lakini jina alilokwisha kuliruka, mimi sina uwezo nalo. Ameshaweka nafasi ya mmoja. Aliyempa orodha ndiye anayeweza kuigusa, na hawezi kuirudisha ikiwa nzima, lazima mmoja akosekane."

"Kazini tulikuwa na namna ya kufanya hivyo," alisema Bwana Nukta. "Ukikosea orodha, unatuma sahihisho. Unaisoma upya tangu mwanzo, na ya kwanza inafutika."

"Basi unajua kazi yako," alisema muuza vyungu, akaangalia pembeni.

Bwana Nukta alirudisha vali mahali pake, akaunganisha waya wa ardhi peke yake, akavaa shati safi. Aliwaomba wote watoke. Mkwe alitaka kubaki. Bwana Nukta alimwambia, "Nenda ukamshike mkeo, mwanangu," na hilo ndilo neno la mwisho alilomwambia akiwa na nguvu zake. Mkewe alitoka pia, lakini alisimama nyuma ya mlango, sikio kwenye mbao.

Saa kumi na dakika kumi vyombo vyote vya chumba vilianza kutetemeka kwa sauti ile, glasi mezani, fremu za picha, kitasa alichokishika yeye mwenyewe, na maji, ambayo hakujua yametoka wapi, yakapita chini ya mlango na kuzunguka vidole vya miguu yake, ya baridi, yenye harufu ya mahali pasipofikiwa na hewa, huku sauti ikiuliza tena yale maneno mawili ya siku ya kwanza, nani yupo, na mumewe akijibu kwa sauti ya kazi, bila haraka, akipumzika baada ya kila mmoja kama alivyofundishwa akiwa kijana: "Sahihisho. Yupo mke wa mwendeshaji. Yupo binti. Yupo mkwe. Yupo kinyozi. Mwisho wa orodha."

"Nimepokea," ilisema sauti.

Uani, mkwe na kinyozi walimwaga ndoo ya saba, wakalivuta bomba. Lilikataa, kisha likatoka lote mara moja, wakaanguka chali. Lilikuwa limeliwa na kutu ya kijani kana kwamba limekaa ardhini miaka mia. Muuza vyungu alimimina zege kwa mkono wake mwenyewe. Harufu ikatoweka kama taa iliyozimwa, na binti, aliyekaa kizingitini mwa jiko, akasema, "Ah," akaweka kiganja ubavuni. Mtoto alikuwa akipiga mateke.

Watu walicheka uani, mkwe akalia bila kujificha. Mke wa Bwana Nukta peke yake ndiye aliyefungua mlango wa chumba. Sakafu ilikuwa kavu. Mumewe alikuwa akifunga daftari.

"Mbona hukujitaja?" alimuuliza.

"Nilijitaja mwanzo kabisa. Mlango ni mzito, hukusikia."

"Nimesikia kila kitu, mzee."

"Basi umesikia vibaya," alisema kwa upole. "Niletee chai. Nimechoka kidogo."

Alimletea. Alipokuwa akinywa, mkewe alifungua daftari mahali penye uzi. Mwandiko ulikuwa ule ule, ulionyooka, wa shule ya zamani. "Jumatatu, saa 10.10 jioni. Nguvu: 5. Sahihisho limetumwa, limepokelewa. Waliopo: mke wangu, binti yetu, mkwe wetu, kinyozi." Chini yake palikuwa na mstari uliopigwa kwa rula, na ukurasa uliobaki ulikuwa mweupe.

Mtoto alizaliwa wiki ya tisa baada ya siku hiyo, wa kike, mzima, kilo tatu na robo. Mlingoti ulishushwa, antena ikakunjwa, na redio akaichukua kinyozi, ambaye hajaiwasha.

Bwana Nukta alifariki Jumatano, siku mbili baada ya sahihisho, saa kumi na dakika kumi jioni, akiwa kitini.