Jeniffer Hakunyoa

Jeniffer, binti wa jirani yetu Marsela wa kule Mpimbwe, alikuwa anaosha sufuria katika jiko la bweni lao huko Polandi simu ilipoita. Ilikuwa Jumamosi mchana, theluji imetanda dirishani. Kichwani alivaa kofia ya sufu, kama kila siku ya baridi.

"Leo tumemaliza matanga ya bibi yako," Marsela alisema. "Wote tumenyolewa. Wewe umenyoa, mama?"

Kwao mfiwa hunyolewa kwa maji matupu, bila sabuni. Aliye mbali hunyoa hukohuko aliko. Asiponyoa, wazee husema, marehemu hatulii mpaka amfuate amnyoe mwenyewe.

"Nimenyoa."

"Na misa umemwombea?"

"Nimeenda asubuhi."

Yote mawili yalikuwa uongo. Padri wa huko alimwambia kunyoa si lazima, sala yatosha. Lakini sala nayo haikuja. Alikaa kwenye benchi la kanisa, akatazama mishumaa, akarudi bwenini. Mwishowe akaacha kwenda. Bibi Tereza ndiye aliyemlea, na yeye hakutoa hata chozi. Moyo ulikufa ganzi kama mguu uliokaliwa.

"Haya. Sasa atapumzika," Marsela alisema, akakata simu.

Jeniffer akarudi kwenye sufuria. Jiko likanuka moshi wa pumba za mpunga. Nyuma yake mtu akapumua. Kiganja kikavu kikamshika kisogo, kikamwinamisha taratibu, kama zamani uani kwao alipokuwa mtoto.

"Tulia, mjukuu wangu. Usitikisike."

Kru. Kru. Kru.

Ulikuwa mkwaruzo wa wembe. Hakugeuka. Maji ya bomba yaliendelea kutiririka.

Simu ikaita tena.

"Jeni." Sasa Marsela alinong'ona. "Nimeingia kufagia chumba cha bibi. Kilikuwa na kufuli, ufunguo ninao mimi. Kuna nywele mkekani. Zimelowa."

"Si zenu ninyi mlionyolewa?"

"Sisi tulinyolewa nje, mwanangu. Na zetu nyeusi. Hizi nyekundu."

Jeniffer akafunga bomba. Rangi ile alikuwa ameipaka wiki iliyopita. Nyumbani hakuna aliyeiona.

Alivua kofia polepole. Ilikuwa kavu. Akapeleka mkono kisogoni.

Palikuwa laini kama kiganja, na maji ya baridi yakamchuruzika mgongoni.