Fundi Aliyejua Neno la Siri

— Nilikuandikia barua kumi na tisa, Nasma. Ulikuwa unazisoma na kunyamaza?

Nasma aliacha kuchapa. Mwanaume aliyesimama mbele ya kaunta ya stesheneri yake, Barabara ya Sita pale Dodoma mjini, hakuwa amemtia machoni kwa miaka minne. Abdulrazaki. Mchumba wake wa zamani, aliyekwenda India mwaka 2001 kusomea ufamasia, akapotelea hukohuko bila hata kuaga. Ndivyo Nasma alivyojua.

Alimjibu kwamba alipata barua pepe tatu tu za mwanzo, baada ya hapo kimya.

— Lakini mwishowe ulinijibu. Ulisema umechumbiwa, nisikuandikie tena.

— Mimi?

— Ilitoka kwenye anwani yako.

Nasma alifunga duka saa nne asubuhi, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, wakavuka barabara kwenda intaneti kafe.

Nikurudishe nyuma kidogo. Wakati Abdulrazaki anaondoka, intaneti ilikuwa ngeni Dodoma. Nasma alichapa haraka kuliko mtu yeyote mtaa ule, lakini kompyuta yenyewe aliiogopa. Ilikuwa mtumba kutoka Dar, na haikupita wiki haijaganda. Leo vumbi, kesho umeme umekatika katikati ya kazi ya mtu, keshokutwa disketi ya mteja imeleta virusi. Fundi wake alikuwa Swalihu, kijana mpole wa Chang'ombe ya palepale Dodoma. Alifungua, akapuliza vumbi, akamfundisha asizime kwa kuchomoa waya, ahifadhi kazi kila baada ya dakika chache, na nakala aweke kwenye disketi mbili. Ushauri wake wote ulikuwa mzuri.

Kwa hiyo Nasma alipotaka anwani ya barua pepe, alimwomba Swalihu. Swalihu akaifungua, neno la siri akalichagua mwenyewe, akamwandikia kwenye kikaratasi. Nasma hakujua kwamba neno lile lilipaswa kubaki kwake peke yake. Wengi hatukujua. Hata leo unaposoma hapa, huenda neno lako analijua fundi, shemeji au rafiki. Libadilishe, ndugu yangu.

Mwanzoni Swalihu alikuwa akimsindikiza kafe. Baadaye akawa anakwenda kumwangalizia, anarudi na kumwambia hakuna kitu. Mwisho akamwambia anwani imefungwa na kampuni yenyewe kwa sababu haitumiki. Nasma alilia wiki nzima, na Swalihu ndiye aliyekuja kila jioni kumbembeleza ale. Mwaka uliofuata akaleta posa. Walikuwa na miaka miwili ya ndoa sasa.

Pale kafe Abdulrazaki alifungua anwani yake, akamwonyesha barua alizotuma, moja baada ya nyingine. Kwenye moja alikuwa anaumwa malaria, yuko peke yake hosteli. Kwenye nyingine aliuliza tu, "Nimekukosea nini?" Kisha akamwonyesha lile jibu. Lilikuwa la mistari miwili. Nasma akatazama tarehe, 14 Machi 2002.

— Siku hii nilikuwa Kondoa, alisema taratibu. Tulikuwa tunamzika mama.

Swalihu hakwenda kwenye mazishi yale. Alisema abaki alinde duka.

Abdulrazaki aliufunga ukurasa ule. Ndipo akamwambia kwamba ameoa, mwaka mmoja sasa. Mkewe anaitwa Shamila, yuko Kigoma, ni mjamzito.

Simu ya Nasma ikatetema. Ilikuwa meseji ya mumewe.

"Mke wangu mbona duka limefungwa? Unaumwa? Nimekuletea chapati."

Nasma alirudi dukani peke yake, akamkuta amesimama mlangoni na hotpoti mkononi. Wakaingia ndani.

— Tarehe kumi na nne mwezi wa tatu, mwaka wa msiba wa mama. Ulimwandikia nani kwa jina langu?

Swalihu aliweka hotpoti juu ya kaunta.

— Amerudi, alisema.

— Nijibu.

— Nilikuwa nakuja hapa kila wiki, Nasma. Unaniuliza habari za mashine, kisha unanisimulia habari zake. Ningefanya nini?

— Barua zake ulizisoma?

— Zote.

— Na ile aliyoandika akiumwa?

Swalihu aliinamisha kichwa.

— Kuna siku nimekutesa? aliuliza baadaye. Kuna siku umelala njaa kwangu?

— Hakuna. Ndiyo maana sijui nianzie wapi kukuchukia.

Siku ile Nasma alihamia Nzuguni kwa baba yake mdogo, mzee Mbwana. Swalihu alituma wazee mara tatu, akaja mwenyewe mara nyingi zaidi. Nasma alimpokea kwa adabu, akarudia neno lilelile, kwamba anataka talaka. Baada ya miezi miwili Swalihu aliitoa mbele ya shehe, akatoka bila kumtazama mtu.

Eda ilipokwisha, Abdulrazaki alifika Nzuguni amevaa kanzu mpya. Alimwamkia mzee shikamoo, akaomba kuzungumza na Nasma barazani. Alisema dini inamruhusu, uwezo anao, na kile walichonyang'anywa kinaweza kurudi. Alikuwa tayari kumwoa hata wiki ile.

Nasma alimsikiliza mpaka mwisho. Alikuwa amempenda mwanaume huyu tangu ana miaka kumi na tisa, na bado moyo ulikuwa unamwenda mbio kwa sauti yake.

— Shamila anajua uko hapa?

— Bado. Nimemwambia nina semina Dodoma. Akishajifungua nitamweleza taratibu.

— Kwa hiyo utamchagulia wewe cha kujua na cha kutojua.

— Si kama alivyofanya yule, Nasma. Mimi na wewe tulipendana.

— Tulipendana. Na mwenzangu yuko Kigoma anakusubiri, anakuamini kila unachomwambia. Nilikuwa kama yeye mpaka juzi. Siwezi, Abdul.

Abdulrazaki alibisha, akasihi, kisha akainuka. Nasma akamsindikiza hadi barabarani, wakasubiri mpaka gari la mjini likaja. Aliporudi uani, mke wa mzee Mbwana alikuwa ameinjika sufuria kubwa, akamuuliza mgeni atakula wali au ugali.

— Ameshaondoka, mama, Nasma alisema. Usimpikie.