Chewa Hapumziki

Jumamosi asubuhi, Bi Khole alikuwa jikoni kwao Hail, mtaa wa pwani, akikuna nazi, na mdomo haupumziki.

"Mie nakuna nazi, lakini chewa mwenyewe simwoni. Mwaka wa pili huu!"

Mwanawe Badr alikuwa ametoka baharini sasa hivi. Wiki nzima hukaa ofisini, ila Jumamosi ni yake na boti yake. Leo amerudi na changu wawili tu.

Marehemu baba yake alimwonyesha mwamba mmoja, kina chake pima ishirini. Enzi hizo mwamba ule ulikuwa na chewa, mashaallah! Sasa hupati ila vitoto. Badr aliumia sana. Aliona mwamba wa baba yake unamfia mikononi.

"Na wala si makosa yangu," alisema. "Chewa wadogo wote nawarudisha baharini."

Nadra, mpwa wake, alikuwa amekuja kumsalimu bibi yake. Kazi yake ni kuchunguza samaki. Akainua macho.

"Ukiwarudisha wanazama, mjomba?"

"Si papo hapo. Wanaelea kidogo, tumbo juu. Wanapumzika."

"Wanapumzika?"

"Macho yanakuwa yamewatoka, na mdomoni kibofu. Mimi hukitoboa kwa pini ya mtandio wa mama, upepo utoke."

"Pini zangu!" Bi Khole aliruka. "Kumbe ndiyo maana sizioni!"

Nadra hakucheka. "Mjomba, hao wanakufa. Samaki ana kifuko cha hewa ndani. Ukimvuta juu kutoka kina kirefu, hewa inatanuka, inalisukuma tumbo mpaka mdomoni. Unachotoboa si kibofu. Ni tumbo lake."

 Badr aliwakumbuka shakwe, ndege wa baharini wanaomfuata kila Jumamosi. Masikini, alidhani wanampenda.

"Sasa nifanyeje?"

"Mrudishe chini, si juu ya maji. Kule Kanada nilikosoma, kwenye Bahari ya Pasifiki, yupo samaki wa miamba anayeweza kuishi zaidi ya miaka mia. Huchukua miaka kama ishirini ndipo azae. Watu walimvua mpaka akakaribia kwisha. Sasa kuna sehemu hawavui kabisa. Na akinaswa asiyetakiwa, humteremsha kwa uzito. Kule chini hewa husinyaa, na tumbo hurudi mahali pake. Si wote wanaopona, lakini wengi hupona."

"Na chewa wetu?"

"Naye hakui haraka. Tena huanza maisha akiwa jike. Wakishakuwa wakubwa, ndipo baadhi yao hugeuka madume. Ukiwamaliza wakubwa, majike watazaa na nani? Kwa hiyo na wale wakubwa sana waache."

Bi Khole akaangua kicheko. "Hata mie, tangu nizeeke ndiye mwanamume wa nyumba hii!"

Kreti ya nyanya ilikuwepo uani. Uzito je? Badr alikuwa na vyuma vya mazoezi, alivinunua apunguze kitambi. Havijapata kuguswa. Wakaipindua kreti, vyuma wakavifunga kwenye ukingo wake, na kamba ndefu kwenye kitako, ambacho sasa kilikuwa juu.

"Alhamdulillahi," alisema Bi Khole, "hatimaye vyuma vimepata kazi."

Jumamosi iliyofuata Badr na Nadra walikwenda pamoja mwambani. Wakamnasa chewa mdogo, macho yamemtoka. Nadra alimpima, akampachika alama ya manjano mgongoni, yenye namba 7. Wakamfunika kwa kreti, kama kuku chini ya tenga, wakamteremsha hadi chini. Badr akavuta kamba. Kreti ilirudi tupu. Hakuna kilichoelea, na shakwe wakaenda zao.

Tangu siku hiyo Badr hakuacha kuibeba kreti. Wenzake walimcheka: "Badr kawa muuza nyanya!" Naye akawaonyesha namna ya kuitumia. Baadhi yao wakatafuta kreti zao.

Ulipita mwaka. Asubuhi moja mshipi ukakaza. Badr akamvuta chewa, na mgongoni aliona kitu cha manjano. Namba 7! Machozi yalimtoka. Akampima haraka, kisha akapiga simu nyumbani.

"Mama! Yule wa mwaka jana yu hai! Amezidi vidole vitatu!"

"Wacha! Anatosha chungu?"

"Bado, mama."

Bi Khole akaitazama nazi aliyokuwa akiikuna.

"Basi mteremshe upesi, asije akafa kwa maneno yetu. Nazi hii ntaipikia changu."