Mfuniko wa Watu Wawili

Mjomba wetu si mtu wa kuamini mashetani. Kazi yake ni kupima matangi ya mvuke viwandani, aseme hili linaweza kubeba presha kiasi gani na lile likauzwe chuma chakavu, na kwa ukali wake mafundi wamembandika jina la Mzee Presha. Ukimletea habari za wachawi atakuuliza wana uzito gani. Ndiyo maana mkasa huu ulipomkuta, nyumbani hakuna aliyethubutu kumcheka.

Ilikuwa Jumamosi, jua la mchana, mashine za kiwanda cha sabuni zimezimwa. Tangi lilikuwa la mtumba, jipya kwa rangi tu. Jumatatu lingewashwa, na wa kusimama mbele yake kutwa nzima alikuwa mamdogo, kitinda mimba wa kwao, aliyekuwa ndio kwanza ameajiriwa pale. Tangi la mvuke likipasuka huanza na aliye karibu. Mjomba alilijua hilo, na asubuhi ile hata chai ilimshinda.

Akapima unene wa chuma kila upande, akapiga hesabu, akaingia ndani na tochi kukagua maungio. Safi. Akavisha tundu la kuingilia mpira mpya, wa kuzuia maji yasivuje. Mamdogo akaingia kufuta vumbi. Kilichobaki ni kulijaza maji na kulisukuma kwa pampu ya mkono. Lilitakiwa kufanya kazi kwa presha ya kumi, kwa hiyo maji yangefikishwa kumi na tano. Maji hayana hasira. Chuma kikishindwa, yanavuja tu. Mvuke ungeondoka na ukuta.

Hapo simu ya tajiri wa kiwanda ikaita. Mjomba akatoka uani kumsikiliza.

"Nataka jibu leo," tajiri alisema. "Tangi lisipofaa, na dada yako sina kazi ya kumpa."

Mjomba akarudi amefura. Akakuta mfuniko umeshawekwa mahali pake, nati zimeshikizwa kwa vidole. Mamdogo hakuwepo. Ameshamaliza huyu, akajisemea, akashika spana na kukaza.

Sasa sikiliza. Kanuni ya kazi ile ni kwamba kabla ya kufunga unaingiza kichwa tunduni, unaita, unasubiri. Mjomba mwenyewe ndiye huwafokea vijana wakisahau. Lakini aliona mfuniko upo, akadhani aliyeuweka ameshaita. Hasira hasara. Na mfuniko ule ulikuwa mzito, wa kunyanyuliwa na watu wawili.

Akafungulia maji. Tangi likajaa mpaka yakamwagika kwa juu, akaziba, akaanza kupampu. Mshale wa geji ukapanda. Tano. Kumi. Kumi na tano. Ukatulia pale kama uliopigwa msumari. Mjomba akatabasamu kwa mara ya kwanza siku ile. Akashusha presha kidogo, akachukua nyundo yake ndogo, akawa anagonga maungio taratibu na kusikiliza.

Ngo. Ngo.

Tangi likajibu. Ngo. Ngo.

Bomba hilo, akasema moyoni. Maji yana mambo yake. Akagonga mara tatu. Ndani kukagongwa mara tatu, polepole, karibu na mfuniko.

Akamwita dada yake. Akampigia simu. Simu ikaita palepale ukumbini, juu ya meza, kando ya glovu zake.

Akakimbilia getini.

"Dada yangu ametoka?"

Mlinzi alimtazama, kisha akalitazama tangi kwa mbali. "Hajatoka mtu, mzee," akanong'ona.

Mjomba hakumbuki alivyorudi. Alifungua valvu ya chini, maji yakaruka, yakamlowesha mpaka kifuani. Yalikuwa mengi. Yalitoka taratibu mno. Huku yanatoka, ndani kulikuwa kunagongwa. Mtu aliyezama hagongi. Yeye alilijua hilo, na bado alikuwa akilia na kuita, "Mdogo wangu, vumilia! Nakuja!" Nati zikamchuna viganja. Ya mwisho ilipolegea, kugonga kukakoma.

Mfuniko ukaanguka sakafuni. Akaingiza kichwa na tochi.

Hakukuwa na mtu.

"Kaka? Mbona umelowa hivyo?"

Mamdogo alikuwa amesimama nyuma yake, mkavu, mkate kwapani. Mjomba alimkumbatia mpaka mkate ukabondeka.

"Nilitoka kidogo dukani," alisema. "Si uliniona nikipita pale uani? Ukanipungia mkono."

Mjomba hakuwa amempungia mtu. "Nani alikusaidia kuweka mfuniko?" akauliza kwa sauti ya chini.

"Mfuniko gani? Mimi niliuacha chini. Nilidhani umeufunga wewe."

Mjomba akaugeukia ule mpira mpya. Kwa upande wa ndani ulikuwa umekwaruzwa, na katika mkwaruzo mmoja kulikuwa na ukucha. Ukucha mzima, wa mtu, wenye rangi nyekundu.

Taratibu akamshika dada yake mkono. Rangi ilikuwa ileile. Kidole cha shahada hakikuwa na ukucha. Hakikuwa na damu wala kidonda. Ngozi ilikuwa laini kabisa.

"Inauma?"

"Nini?" akauliza mamdogo, akajitazama kidole. Akakifumbata haraka.

Tajiri alipopiga tena, mjomba alimwambia presha salama ya tangi lile ni sifuri, alikate liwe chuma chakavu. Tajiri akatukana, akamwachisha mamdogo kazi siku hiyohiyo. Afadhali. Leo anauza vitambaa, anacheka, anatusuta tukichelewa kumtembelea. Kucha zake amezipaka rangi vizuri, za vidole tisa. Cha kumi hakijaota ukucha mpaka leo.