Samaki wa Mwalimu na Uongo Wangu wa Chaji

"Umeme umerudi?"

"Bado."

"Samaki?"

"Wazima. Nachota maji ya tangi kwa jagi, nayamwaga kutoka juu yapate hewa, kama ulivyosema."

"Kila nusu saa?"

"Kila nusu saa, Mwalimu."

Mke wangu ni mwalimu kweli, na mimi ni kinyozi, basi nyumbani tunaitana kwa kazi zetu. Alhamisi hiyo alikuwa na wiki nzima kwa dada yake. Hakuondoka kwa sababu ya pombe wala mwanamke mwingine. Aliondoka kwa sababu sisikilizi. Mdomo wangu hufanya kazi kuliko mkasi wangu, masikio ndiyo yako likizo. Akifunga begi nilimuuliza, kwa dharau kidogo, kwa nini kila jioni anakaa kwenye kile kiti kinachotazama tangi, anaongea na samaki.

"Wao angalau wananitazama," akasema. "Nakuachia hawa watano. Nilikuja nao kwenye ndoa hii. Jumamosi ya wiki ijayo nakuja kuona. Ukiweza kuwatunza hao, tutaongea habari za kurudi."

Jumatano transfoma ikaungua, mtaa mzima ukabaki bila umeme.

"Sasa nisikilize," akaendelea kwenye simu. "Hili ndilo kubwa kuliko yote. Umeme ukirudi..."

Hapo mteja akachungulia. Saluni yangu ni chumba cha mbele cha nyumba hiyohiyo. Mashine ilikuwa imezima, lakini mkasi hauombi umeme. Nikamwonyesha kiti kwa mkono, simu nimeibana begani.

"Ndiyo mpenzi. Sawa. Sawa kabisa."

"Umenisikia?"

"Nimekusikia."

"Haya, rudia nilichosema."

Nikaitazama simu. Chaji asilimia arobaini.

"Mpenzi, chaji inaisha," nikasema, nikakata. Halafu nikaizima kabisa, ili uongo ufanane na ukweli.

Sitajisingizia uvivu. Siku tatu nilimwaga maji mpaka bega likauma. Nanyoa upande mmoja, nakimbia kumwaga jagi, narudi kwenye upande wa pili. Wateja walinicheka. Samaki walikuwa hai wote, na yule mkubwa tuliyemwita Mzee alikuwa anakuja juu akiniona. Nikajikuta namsimulia mambo. Nilimwambia nyumba imekuwa kubwa mno bila Mwalimu, na kwamba sijui nitaanzaje kumwambia. Mzee akanitazama.

Jumamosi asubuhi umeme ukarudi, mtaa ukashangilia. Nikawasha kila kitu: redio, friji, mashine ya kunyolea, na ile mashine ya kuchuja maji ya tangi. Ikakoroma, ikatapika uji wa kahawia. Harufu ya yai viza ikajaa chumbani. Nikajiambia ni uchafu kidogo, utachujwa.

Saa tano samaki walikuwa juu wanahema. Wa kwanza akalala ubavu. Ndipo nikaikumbuka simu, nimpigie mwenyewe aniambie la kufanya. Nilipoiwasha, ujumbe ukaingia, wa Alhamisi, dakika kumi baada ya mimi kukata.

"Najua hukunisikia, kwa hiyo naandika. Umeme ukirudi USIWASHE chujio. Sifongo yake ikikaa siku nzima bila maji kupita inaoza, ukiiwasha inamwaga sumu yote ndani. Ioshe kwanza. Ukishakosea, zima, toa nusu ya maji, weka ya kwenye pipa. Asante kwa kuwahangaikia. Ukinitunzia hawa nitajua unanitunza na mimi."

Chini yake kulikuwa na mwingine, wa asubuhi hiyo: "Nimepanda basi. Saa tisa nitakuwa nyumbani. Nimekukumbuka, Kinyozi."

Nilizima, nikatoa maji, nikaweka mengine. Mzee alifia kwenye kiganja changu.

Dada yangu anakaa nyumba ya pili. Alikuja, akakuta samaki wanne wamelala kwenye karai.

"Unalilia samaki?"

"Nawalilia."

"Basi acha. Nenda dukani ukanunue wanaofanana. Wifi atajuaje?"

"Atajua."

"Sema transfoma imewaua. Nani atabisha? Siku tatu bila umeme."

Sitaficha: nilivaa viatu. Nilifika mpaka mlangoni. Uongo ulikuwa mzuri na ulikuwa na mashahidi mtaa mzima.

"Dada," nikasema, "uongo mmoja nimeshamwambia. Ndio huo uko kwenye karai."

Akanitazama, akaondoka.

Saa tisa mlango ukafunguliwa. Mke wangu akaona karai kabla hajaniona mimi. Begi akabaki nalo mkononi.

"Ni umeme?" akauliza taratibu.

Alikuwa ananipa njia ya kutokea. Nadhani hilo ndilo lililoniumiza zaidi.

"Hapana. Kukosa umeme walivumilia wote watano. Ni mimi. Niliwasha chujio bila kuliosha. Ujumbe wako nimeusoma leo, wakati wameshaanza kufa. Alhamisi simu haikuisha chaji. Nilisema hivyo kwa sababu uliniambia nirudie, na sikuwa na cha kurudia."

"Ilikuwa ngapi?"

"Arobaini."

Akapiga magoti penye karai, akamgusa Mzee mgongoni kwa kidole. Alilia bila sauti. Nami nikapiga magoti nyuma yake.

"Rudia," akasema mwishowe, bila kugeuka.

Nikarudia. Ujumbe wote, kuanzia "najua hukunisikia" mpaka "unanitunza na mimi".

Akainuka, akachungulia tangi. Yule mdogo wa mwisho alikuwa bado anahema pembeni.

"Huyu sina uhakika naye," akasema. "Na wewe pia sina uhakika nawe."

"Najua."

"Chujio halitawashwa leo. Chukua jagi."

Nikachukua. Akaliweka begi chini, akakishika kile kiti ambacho miaka yote kilikuwa kinatazama samaki. Akakigeuza, akakaa, akanitazama mimi.

"Wewe mwaga maji," akasema. "Mimi nitaongea."